Nguo ya Kuazima

Kilichoniudhi kwanza ni mguu. Mwimbaji amesimama mbele ya maikrofoni, gitaa la mbao kifuani, na huku chini mguu wake unakanyaga pedali inayogonga ngoma kubwa iliyowekwa ubavu mbele yake. Unakwenda mfululizo, hauchoki, mchi na kinu. Mwanzo wa wimbo sauti yake iko chini, ya mtu anayeungama jambo usiku. Banjo inaingia. Sauti za wenzake zinajiunga, tarumbeta zinapanda, mguu unazidi kukanyaga, na ghafla maelfu ya watu uwanjani wanaruka kwa pamoja, mikono juu, wengine machozi yakiwatoka. Ndivyo wimbo mmoja unavyokwenda, na wa pili, na wa tano. Bendi hiyo ni Mumford & Sons ya London. Walianza mwaka 2007, wakatoa albamu yao ya kwanza, Sigh No More, mwaka 2009, na Februari 2013 ile ya pili, Babel, ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Kuna miaka ambayo hukuweza kuingia mkahawani ukanywa kahawa bila kuisikia banjo yao. Kizuri chajiuza, husema wapenzi wao, na mauzo yao yanawapa haki ya kusema hivyo. Mimi siwapendi. Nimezisikiliza albamu zao kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na kadiri ninavyosikiliza ndivyo kutopenda kwangu kunavyozidi kutulia na kunidai maelezo. Wimbo haujamkosea mtu chochote. Mtu anapouchukia, kuna kitu ndani yake kimeguswa, na ni haki akitazame.

Waliowachukia kabla yangu walikuwa na jibu lao tayari: hawa ni wa bandia. Wanavaa vizibao, kofia na mabuti ya wakulima wa Marekani wa zama za babu zao, ilhali wamekulia London, na mwimbaji mkuu, Marcus Mumford, amesoma shule ya kulipia huko Wimbledon. Wanapiga ala ya milima ya Appalachia, nao hawakuzaliwa mlimani. Katika albamu ile ya kwanza upo wimbo uitwao Dust Bowl Dance, ambamo kijana wa Kiingereza anaimba kwa kinywa cha mkulima aliyepokonywa ardhi yake, kana kwamba dhoruba za vumbi zilizofukuza familia nyingi kutoka Oklahoma miaka ya 1930 zilipita pia mtaani kwao. Shitaka hilo lina utamu wake, na sisi tunalo neno la wahenga la kulitilia muhuri: mwacha asili ni mtumwa. Nimejaribu mara nyingi kuwashitaki kwa methali hiyo. Ala yenyewe ndiyo inayonikatalia.

Itazame banjo kwa karibu. Ni duara la ngozi iliyowambwa, siku hizi aghalabu plastiki, na shingo ndefu. Nyuzi nne zinaanzia kichwani kama za gitaa lolote. Uzi wa tano hauanzii huko. Kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, kabla ya kufika katikati ya safari, kwa hiyo uzi huo ni mfupi kuliko wenzake na sauti yake ni ya juu, na bado umewekwa upande wa nyuzi nzito, palepale kidole gumba kinapofika. Mkono wa kushoto hauushughulikii sana. Kidole gumba kinaugusa na kuuachia, kinaugusa na kuuachia, nao unatoa sauti yake ileile moja wakati nyuzi nyingine zinahangaika na wimbo. Wajola wa Senegambia wana ala yao iitwayo akonting: kibuyu, ngozi ya mbuzi, mti mrefu kuwa shingo, nyuzi tatu, na mmoja kati ya hizo ni mfupi, wa kidole gumba. Waafrika walioshushwa kutoka matumbo ya meli katika visiwa vya Karibi na pwani ya Marekani waliziunda upya ala za jamaa hiyo kwa vibuyu walivyovipata huko. Ipo picha iitwayo The Old Plantation, iliyochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18. Watu weusi wanacheza uani, vibanda nyuma yao, na mmoja ameketi na banjo ya kibuyu mapajani. Mtazame vizuri. Uzi mfupi upo.

Hapo ndipo methali inaponigeukia mkononi. Mwacha asili ni mtumwa, naam, lakini hawa walikuwa watumwa na asili hawakuiacha. Walinyang'anywa majina, wakanyang'anywa lugha, wakauziwa watoto wao mbele ya macho yao, na kidole gumba kikaendelea kukumbuka mahali uzi ulipo. Waliokuwa huru ndio waliofanya yale ninayoona haya kuyasimulia. Kuanzia miaka ya 1830 mwanamuziki mzungu wa Virginia, Joel Sweeney, akiwa amejifunza banjo kwa watu weusi, aliipandisha jukwaani uso umepakwa masizi. Wengi wakamfuata, na katika miaka ya 1840 kejeli hiyo ilikwisha kuvuka bahari na kuchezwa mbele ya Waingereza. Yaani London ilikuwa imeijua banjo karne moja na nusu na ushee kabla ya vijana wa vizibao kuigusa, na iliijua ikiwa mikononi mwa dhihaka. Ala ikaingia viwandani, ikatiwa chuma, ikapanda milimani kwa wazungu maskini ambao waliipenda kwa dhati na kuipa nyimbo nzuri mno. Watoto wa walioiunda wengi wakaiweka chini. Nani apende kupiga ala ambayo dunia nzima imeizoea kama sauti ya kumcheka? Kufikia mwaka 1945, Earl Scruggs wa North Carolina alipojiunga na bendi ya Bill Monroe na kuushangaza ulimwengu kwa vidole vyake vitatu, banjo ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa ya wazungu. Nimwambie nani sasa kwamba hakuzaliwa mlimani? Mlima wenyewe uliazima.

Na habari ya mavazi ni ngumu zaidi. Huddie Ledbetter, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Lead Belly, alikutwa na John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, katika gereza la Angola huko Louisiana mwaka 1933. Mwaka uliofuata alitoka, wakasafiri pamoja, na mwaka 1935 filamu ya habari ikamwonyesha akiigiza maisha yake mwenyewe ndani ya nguo za mfungwa. Lead Belly alipenda suti. Alipenda tai ya kipepeo, shati lililopigwa pasi, viatu vinavyong'aa. Watu waliokuja kumsikiliza walitaka mfungwa na kibarua wa shamba la pamba, kwa kuwa machoni pao Mwafrika aliyevaa vizuri hakuwa wa kweli. Ninapoiweka picha hiyo kando ya picha ya Mumford & Sons na vizibao vyao, moyo unanichemka, na hasira yenyewe inakwenda mbali kuliko vijana hawa. Mmoja alivishwa umaskini ambao alikuwa amejitahidi kuuvua. Wengine waliuchagua kabatini, wakauvaa kwa muda, wakauvua. Hadhira ni ileile, na kiu yake ileile: inataka kuona vumbi kwenye viatu kabla ya kuuamini wimbo. Kiu hiyo imewatesa wengi. Mwaka 1966 huko Manchester mtu mmoja alimwita Bob Dylan Yuda ukumbini kwa sababu alishika gitaa la umeme. Alidhani Dylan amesaliti ukweli wake wa zamani. Ukweli huo wa zamani ulikuwa wa kijana wa mji wa migodi ya chuma Minnesota, Robert Zimmerman, aliyebadilisha jina na kujifunza kuimba kwa sauti ya Woody Guthrie.

Sina ruhusa ya kuwashitaki watu kwa kuazima, mimi niliyelelewa na taarabu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze ganuni, na huo ndio mwanzo. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, aliuchukua muziki uliokuwa wa Kiarabu na wa kasri akautia Kiswahili na habari za mtaani, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Udi wa Waarabu, fidla ya Wazungu, kinanda cha harmoni kilichopita India. Katika taarabu ya Zuhura Swaleh huko Mombasa imo taishokoto, ala iliyobuniwa Japani mwaka 1912, ikapitia India, ikateremka kwetu, ikakaa. Nikija kwa Juma Bhalo, hapo ndipo ninapoguswa hasa. Nyimbo zake nyingi mahadhi yake yalitoka moja kwa moja katika filamu za Kihindi, na kila mtu Mombasa aliyajua kwa kuwa alikuwa ameitazama filamu yenyewe wiki iliyopita. Hakuna aliyeona haya. Bibi yangu alikuwa akiacha kuchambua mchele, mikono ikabaki ndani ya ungo, Juma Bhalo anapoanza beti. Hakuwa akiisikiliza Bombay. Alikuwa akingoja neno.

Naomba nikae kidogo kwenye kungoja huko, kwa kuwa nadhani ndiko jawabu langu liliko. Shairi la taarabu linakuja na vina na mizani yake, nusu ya maana imefichwa ndani ya fumbo. Mwimbaji anaitoa mishororo polepole. Anairudia. Fidla inajibu, inapita mle mle sauti ilimopita, na muda huo msikilizaji ana kazi yake: ananuizwa nani? Chombo kinachosemwa hapa ni chombo cha baharini au ni mwanamke? Mwenye kulifumbua anainuka, anamtuza mwimbaji, na kwa mwendo wake kuelekea jukwaani ukumbi mzima unajua kuna jambo. Mwimbaji hapandishi sauti kumwambia mtu sasa ndio wakati wa kulia. Anaamini kuwa mtu amekuja na machozi yake kutoka nyumbani, na anajua mahali pa kuyamwaga. Mahadhi ya filamu, yaliyotungwa ili yamalizike pazia linapofungwa, yakiingia humo yanapunguza mwendo, yanaanza kubeba mizigo ambayo mtunzi wake hakuikusudia. Yanakuwa mapana. Mashairi mengine aliyoyaimba Juma Bhalo yalitoka kwa Ahmad Nassir, mshairi mkubwa wa Mombasa, na mtu akiyasoma kitabuni leo bila muziki yanasimama kwa miguu yake. Mahadhi yalikuwa ya watu. Subira ilikuwa yetu.

Subira hiyo ndiyo ninayoikosa kwa Mumford & Sons, na ndiyo kesi yangu yote dhidi yao. Muziki wa zamani wa banjo na fidla haupandi kwenda popote. Ukucha unashuka juu ya nyuzi, kidole gumba kinajibu kwenye ule uzi mfupi, fidla inazunguka mahadhi yake sehemu ya kwanza na ya pili, kisha inaanza tena. Ulikuwa muziki wa kuchezea dansi, na wachezaji walitaka mzunguko unaoweza kwenda robo saa bila kutafuta kilele. Anayeusikia kwa mara ya kwanza anadhani hakuna kinachotokea. Akivumilia, anaanza kusikia jinsi kila mzunguko unavyotofautiana na uliotangulia kwa kitu kidogo, upinde umechelewa hapa, kidole kimewahi pale. Mumford & Sons waliichukua ala ya mzunguko wakaifanya kuni za kupandishia moto. Banjo yao inaingia wakati wimbo unahitaji kasi, inakimbia, inatoa uchangamfu, na kazi yake imekwisha. Kila wimbo lazima ufike kileleni na kila kilele lazima kiwe kirefu kuliko cha jana. Ngoma ikilia sana hupasuka, nasi wasikilizaji tunaobaki baada ya kupasuka hatukupewa kitu cha kufanya isipokuwa kuruka. Hata maumivu ya mkulima wa Oklahoma yalipata dakika chache tu za utulivu kabla ya kupelekwa kasi kwenye mlipuko. Hayo maumivu yalikuwa na haki ya kukaliwa nayo zaidi.

Ushahidi wangu wanao wenyewe. Mwaka 2015 walitoa albamu ya tatu, Wilder Mind, na banjo hawakuipiga humo. Magitaa ya umeme yalishika mahali pake. Sikiliza, nyimbo zinapanda vilevile: mnong'ono, mkusanyiko, mlipuko. Haikuhitajika. Ilivuliwa na mwili uliokuwa ndani yake haukuhisi baridi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee, na kwa muda mrefu nilidhani wanamlaumu anayeazima. Sidhani tena hivyo. Wako watu ambao nguo ya kuazima wameivaa mpaka imechukua umbo la mabega yao, na mwenyewe akija kuidai atasita.

Nawafikiria Rhiannon Giddens na wenzake Dom Flemons na Justin Robinson. Aprili 2005 walikutana katika mkusanyiko wa wapigaji banjo weusi huko Boone, North Carolina, wakaanza kwenda Mebane nyumbani kwa mzee Joe Thompson, aliyezaliwa 1918, mmoja wa wapigaji fidla weusi wa mwisho waliobaki na muziki ule wa dansi za mashambani. Waliketi naye. Walipiga naye nyimbo zilezile, juma hili na juma lijalo, mpaka mwendo wa mkono wake ukawaingia. Bendi yao, Carolina Chocolate Drops, ilizaliwa sebuleni kwa mzee huyo, na albamu yao Genuine Negro Jig ya mwaka 2010 ikapata Grammy nayo. Sisemi kwamba rangi yao ndiyo iliyowapa haki. Giddens mwenyewe amesomea uimbaji wa opera chuoni, na hilo limo kwenye koo lake. Ninachokisikia kwao ni deni. Wanajua wanadaiwa na nani, na deni hilo linawazuia kuharakisha. Joe Thompson alifariki mwaka 2012, mwaka uleule Babel ilipotoka. Na haki itendeke: mwaka 2014 Marcus Mumford alikuwa chumba kimoja na Giddens, pamoja na Elvis Costello na wengine, wakiyatia muziki maneno ya zamani ya Dylan yaliyokuwa hayajaimbwa, katika albamu Lost on the River. Nimemsikia humo mtu ambaye akipunguziwa jukwaa ana sikio.

Mpwa wangu anawapenda. Mama yake alipokuwa mgonjwa, wakati wa kukesha, alikuwa na nyimbo zao masikioni, na mpaka leo akizisikia anarudi kwenye ule ukumbi wa hospitali na anatoka tena akiwa mzima. "Mjomba," aliniambia, "wewe unasikiliza kwa macho. Umeona vizibao ndipo ukaziba masikio." Nilimjibu kwamba vizibao nimekwisha kuvisamehe, na nikamweleza habari ya mguu na kilele. Alinyamaza, kisha akasema kwamba mtu aliyekesha siku nyingi hana nguvu ya kungoja fumbo. Anataka kuinuliwa. Sikuwa na neno la kumpinga, wala sitaki. Machozi yake ni ya kweli na wimbo uliyapa njia. Lakini bibi yangu naye alikesha na wagonjwa, na aliporudi aliutaka wimbo unaokaa naye chini pale alipo. Pengine watu wa nyakati mbili wana mahitaji mawili. Pengine pia nyakati hizi zimetuzoesha kuinuliwa haraka kiasi kwamba hatujui tena kama tungeweza kukaa. Swali hilo linanisumbua kuliko bendi yoyote, maana taarabu yenyewe siku hizi imeongezewa mdundo na kasi, na kwenye maharusi sioni wengi wanaoketi wakingoja neno.

Kuna jaribio ninalolitumia, na nalitumia kwa wetu pia. Namfikiria mwenye mali. Namfikiria mtunzi wa filamu wa Bombay akiketi Mombasa kumsikiliza Juma Bhalo. Ataanza kwa kusema, hayo ni yangu, na atakuwa amesema kweli, tena pengine kwa uchungu. Ningemwomba avumilie mpaka ubeti wa tatu, nimfasirie, nimwonyeshe mahali mahadhi yake yalipopunguza mwendo ili neno lipite, nimuulize kama alijua kwamba yanaweza kufanya hivyo. Naamini kipo hapo ambacho angependa kwenda nacho nyumbani. Kisha namfikiria mpigaji akonting, Mjola wa Casamance huko Senegal, akiwekewa Babel. Ningemwonyesha nini? Nimepekua. Uchangamfu ataukuta, na sauti zinazopatana vizuri, na ufundi wa vidole. Kidole gumba chake hakitapata kitu cha kujifunza. Kitu pekee ambacho ningethubutu kumwekea ni wimbo wa mwaka 2016, There Will Be Time, waliourekodi Johannesburg na Baaba Maal wa Senegal, ambamo mzee huyo anaimba kwa Kifula na wao, kwa kitambo, wanampisha. Kitambo hicho nimekisikiliza mara nyingi kuliko albamu zao zote. Halafu wimbo unaanza kupanda, nami nauzima.